Matone ya Shangazi na Mkono Usio wa Bibi Harusi

Nilijua macho ya shangazi yangu, fundi wa hina, yana kasoro siku alipompaka bibi harusi wa Tongoni hina mkono wa kulia, kisha mkono wa kushoto akampaka mdogo wake bibi harusi. Binti huyo alikuwa ameketi ubavuni pa dada yake. Mwari asiyeolewa kwetu hapakwi hina ile, naye aliitamani, basi aliposhikwa mkono akanyamaza. Mimi nilikuwa uani nakuna nazi, nikasikia wanawake wakipiga kelele: "Na huyu kaolewa na nani?"

Nikampeleka hospitali mjini, nikamsimulia daktari kisa cha hina. Daktari akasema presha ya jicho imeharibu mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, ndiyo maana haoni pembeni. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini kule Moa nilimbebea fundi umeme ngazi.

"Yaani taa nzima, waya ndio umeliwa?" nikauliza.

"Hivyo hivyo."

"Si muunge waya mwingine!" shangazi akadakia.

"Huo hauungwi, mama. Kuna matone, kuna leza, kuna upasuaji. Vyote vinalinda ulichobakiza, kilichokwenda hakirudi. Tuanze na matone, asubuhi na jioni. Ukiacha, hata huo mkono wa kulia hutauona."

Mtaa haukuridhika. Jirani mmoja alileta karoti, tukazila mpaka kwenye uji. Mwingine alileta miwani ya marehemu mumewe. Shangazi akaivaa, akasema sasa pale asipoona pamekuwa pakubwa zaidi.

Ramadhani ilipoingia, akaacha matone.

"Yanashuka kooni, machungu! Nifunge mdomo, ninywe kwa jicho?"

Nikamuuliza shehe wa msikiti wetu. Akasema matone ya jicho hayafunguzi.

"Kayaonja?" akauliza shangazi.

Swali hilo lilinikosesha raha. Nikajitia tone moja mwenyewe. Kweli, baada ya kitambo koo likawa shubiri.

"Umeona? Na wewe leo umekula," akasema, akicheka.

Nikarudi kwa daktari. Alinigombeza kwanza kwa kujitia dawa ya mtu. Halafu akasema: basi atie akishafungua saumu na wakati wa daku, afumbe jicho, abonyeze kona iliyo karibu na pua, hayatashuka.

Tangu hapo kila futari shangazi alikaa kafumba macho, kidole puani, kama anayekwepa harufu ya papa mkavu. Nami nikajifunza kuwa huo ndio wasaa wa sambusa.

"Rudisha," alisema, hajafumbua.

Baada ya Idi daktari alimpima, akakuta uoni umebaki palepale. Wiki hiyo akaitwa kwenye harusi nyingine, ukoo uleule wa Tongoni. Nikiwa uani na mbuzi ya nazi, nilimsikia akitangaza sharti jipya: "Asiye bibi harusi akalie mikono yake!"

Nadhani hata mama mkwe alitii.

Kisha nikasikia kofi la mkononi, na binti yuleyule wa safari ile akisema "Aa!"

"Wewe! Nimegeuza shingo nzima nikuone. Kaolewe kwanza!"