Mpira wa Mwisho wa Gari la Donatus

GEITA, Jumamosi. Saa moja asubuhi. Donatus Ngassa amepiga magoti kando ya gari lake, kisu mkononi, na hataki mtu amsemeshe. Mbele yake kuna kipande cha mpira wa kupitisha maji kati ya injini na rejeta. Akikikata vibaya, hana kingine.

Gari hilo amelitengeneza mwenyewe, nyuma ya kibanda chake cha kutengenezea baiskeli. Injini ilitoka kwenye lori lililokufa, bodi ni mbao za mninga. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Siku lilipounguruma kwa mara ya kwanza, haohao ndio waliogombania kulisukuma.

Leo lina safari. Kesho mwanawe wa kwanza, Kalisti, anabatizwa, na bibi wa mtoto, Mama Zipora, yuko Kharumwa. Aliwahi kuanguka kutoka juu ya lori la pamba akavunjika nyonga. Tangu hapo hawezi kutembea mbali, na lori hataki hata kulisikia. Amesema atakuja kwa gari la mkwewe au atabaki kwake.

"Nilimwahidi mke wangu kwamba mama yake atakuwapo," anasema Donatus. "Sasa ahadi yangu yote imeshikwa na mpira huu."

Wa kwanza ulimwaibisha. Ulikaza kuingia, naye akaupaka samli, kama watu wa huku wanavyopaka kila kinachokaza. Ukateleza, akafurahi. Siku chache baadaye ulikuwa umelainika na kuvimba kama andazi kwenye chai. Ukachomoka njiani, maji yote yakamwagika, gari likarudi nyumbani likikokotwa na ng'ombe.

"Ng'ombe wametulea," anasema akicheka, "lakini mpira hautaki mafuta yao."

Wa pili aliukata kwa pupa. Ukabonyea chini ya kisu, mdomo ukatoka upande, na maji yakavuja. Huu wa tatu ni masalio aliyopewa na Vinod, mwenye duka la vipuri, aliyemwambia waziwazi kuwa mwingine hana.

Mkewe, Generosa, ndiye aliyeleta gunzi la hindi. Wanalisukumiza ndani ya mpira ili usibonyee. Donatus anauzungushia ukanda wa karatasi uwe alama ya kukatia, mpaka ncha zake zikutane sawasawa, kisha anachovya kisu kwenye maji ya sabuni. Kisu hakitembei, kimetulia, mpira ndio unaozungushwa, polepole.

Kipande kinadondoka. Mdomo wake umenyooka kabisa, hauna hata uzi uliochomoza. Generosa anapiga vigelegele kabla injini haijawashwa, na majirani wanatoka kuuliza kuna nini.

Safari hii ni povu la sabuni linaloingiza mpira mahali pake. Injini inaunguruma, rejeta inapata moto, na chini hakuna hata tone. Donatus anapitisha kiganja kwenye maungio, anakitazama, kikavu, anarudia tena. Furaha imemjaa mpaka anasahau kufunga boneti.

Adhuhuri wako Kharumwa. Mama Zipora anapandishwa nyuma, ambako Donatus ametundika pazia la kitambaa cha maua, maana kwao mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala kusemeshana ovyo. Donatus anaendesha akitega sikio, mara kwenye injini, mara kwenye pazia.

Wanapoingia Geita bila kumwaga tone, sauti inatoka nyuma.

"Generosa, mwambie Baba Kalisti kiti chake hakiumizi nyonga. Na Krismasi aje anichukue tena."

Donatus amesikia kila neno. Pazia liko kisogoni mwake. Lakini anangoja mkewe aliyeketi kando yake amwambie upya, na anapoambiwa, anafuta macho kwa mkono uleule uliokata mpira.

"Mwambie Mayu, mama yetu," anajibu, "nitakuja. Na nitatafuta mpira wa akiba."