Furushi la Siku ya Mpira

Juzi, kwenye banda la mpira pale Nsemulwa, kijana mmoja aliwapigia kelele wachezaji wa nchi jirani kwenye runinga: "Mkifungwa mrudi kwenu!" Watu wakacheka. Mimi nilijikuta nimechoka tu.

Maneno hayo niliyasikia kwanza nikiwa mtoto, nyumbani Majimoto, alasiri moja ya kombe la majirani. Tanzania ilikuwa inacheza na Burundi. Baba na wenzake waliizunguka redio, na mama, mzaliwa wa Burundi, alikuwa anapepeta mchele pembeni. Pumba zilinukia jua na vumbi.

"Shemeji," baba mdogo alimwambia, "leo nyie mkifungwa, unarudi kwenu!"

Mama alitabasamu bila kusimamisha ungo. Mimi niliamini.

Bao letu lilipoingia, wanaume waliruka wakishangilia. Nilikimbia ndani, nikafunga kanga zake na gauni langu kwenye shuka, ili twende wote.

Mama alinikuta nalia juu ya furushi.

"Mbona hujaweka sufuria?" aliuliza taratibu. "Njiani tutapikia nini?"

Nilidhani ananitania. Lakini aliketi chini, akalifungua fundo langu, akalifunga upya, kwa nguvu, akinionyesha linavyofungwa ili lisifunguke njiani.