Wimbo Nilioingia Nao Bujumbura

Siku ya posa ya binti yangu Yunisi, mama wa kijana alitoka nje kutapika kwa sababu ya wimbo nilioanzisha mimi.

Wakuu, mimi ni Elikana, fundi injini za boti hapa Bangwe. Kwamba nilikimbia vita Burundi, kila mtu anajua. Kwamba nilikuwa mwasi, hata mke wangu hajui.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa tulipovamia Bujumbura. Tuliteremka milimani alfajiri tukiimba nyimbo za Mungu. Bunduki sikupewa. Nilipewa kazi ya kuanzisha nyimbo, maana nilikuwa na sauti.

Tulichapwa vibaya. Waliobaki tukatawanyika, nikavuka ziwa nikaja huku. Miaka yote nikajifariji: mimi sikuua mtu, niliimba tu.

Sasa siku hiyo washenga wamekaa, mke wangu ananiambia, "Baba Yunisi, tuanzishie wimbo." Mdomo ukaanzisha ule ule wa Bujumbura.

Nikamfuata Mariana, mama yake Gideon aliyeleta posa, nikamkuta uani ananawa uso.

"Nisamehe, baba Yunisi. Wimbo huo ulimuua mume wangu."

Nikamwongezea maji ya kunawa.

"Tulikuwa Bujumbura, Gideon bado ananyonya. Tukasikia watu wanaimba barabarani. Mume wangu mwanakwaya, akasema hao ni wapendwa wanakwenda ibada. Akafungua mlango. Mimi niko chumbani, nikasikia risasi tu."

Siku ile nilimwona mtu huyo. Shati jeupe, kandambili mguu mmoja. Alitoka akaupokea ubeti wa pili kwa besi, akanitabasamia. Nami, mjinga mimi, nikapandisha sauti. Wanajeshi wakatufyatulia risasi, moja ikampata yeye.

"Natamani nimpate mmoja wa waimbaji wale," Mariana akasema. "Sitaki ugomvi. Anieleze tu kama mume wangu aliteseka. Wewe wimbo huu ulijifunzia wapi?"

Yunisi alikuwa dirishani anatuchungulia, uso umejaa wasiwasi.

"Kanisani," nikajibu.

Posa ikapokelewa, harusi ikafungwa. Mariana akaanza kuniita kaka. Akipata samaki wa ziwani, migebuka mizuri, ananiletea, nami napokea, nakula, naona aibu.

Juzi Yunisi alijifungua. Mariana akaniwekea mtoto mikononi.

"Kaka, mwimbie ule wimbo. Nimeamua kuusamehe."

Sikuweza kuuimba. Nikamwambia yote, kichwa chini.

"Hakuteseka," nikamalizia. "Alikuwa anaimba."

Alilia taratibu, muda mrefu. Halafu akamchukua mtoto mikononi mwangu.

"Kwamba uliimba, ningekusamehe siku ile ile," akasema. "Ulikuwa kijana, mlidanganywa. Lakini nilikuuliza uso kwa uso. Halafu mwaka mzima nakuita kaka, unaitika."

Akaingia ndani na mtoto. Mpaka leo salamu yangu haitikii, na Yunisi ananiuliza nimemfanyia nini mama mkwe wake.

Ndugu zangu, kama kuna mtu anasubiri neno lililoko kwako, mpe siku anayokuuliza. Mimi nilificha ili binti yangu aolewe, na sasa sijui nitamwambiaje.