Mbegu za Kiunoni mwa Bibi

Jana asubuhi mama mmoja aliyekimbia mauaji ya upande wa Mbau alipita hapa kwangu Mavivi, akaniomba sufuria. Mgongoni alibeba mtoto, mkononi alishika kifurushi cha maharagwe yaliyopakwa majivu. Nilipoyaona yale majivu nikajua ni mbegu.

Wewe uliyekulia mjini huenda hujui, basi nikueleze. Nilikulia Vulamba, kule Butembo, kwa bibi yangu. Kila baada ya mavuno alitandika mkeka uani, mimi na mdogo wangu tukachambua maharagwe. Punje iliyotobolewa na wadudu ilikwenda chunguni. Iliyojaa vizuri ilikuwa mbegu; ilipakwa majivu wadudu wasiiguse, ikatiwa kwenye kibuyu kilichokaa uchagani juu ya moto. Nyumba nzima ilinuka moshi, na sisi vilevile. Mwalimu alitutania kwamba hata akifumba macho angetutambua kwa pua tu. Asubuhi za Butembo ni za baridi, basi tulikunywa uji tumebanana jikoni, na bibi akirudia neno lake: anayekula mbegu amekula mwaka kesho.

Uhuru ulikuja kwa ngoma na nyimbo. Haukupita muda, ukaja uasi. Siku waasi walipoingia, bibi hakuchukua sahani wala blanketi. Alifunga mbegu zake ndani ya kitenge, akakifunga kiunoni, akatushika mikono, tukaingia msituni pamoja na majirani.

Mwanzoni tulikula mihogo ya mashamba yaliyoachwa. Ilipokwisha tukala majani. Mdogo wangu alivimba miguu, akaacha kucheza, kisha akaacha hata kulia. Jirani yetu, mfanyabiashara Mwislamu tuliyekimbia naye, ndiye aliyethubutu kusema.

"Mama, pika ile maharagi. Mutoto anakufa."

"Tukikula mbegu, siku tutarudia kwetu tutapanda nini?"

"Lakini mama, nani alikuambia tutarudia?"

"Tutarudia," bibi akasema. "Na mutu ingine hapa hapana na mbegu. Ni hii tu."

Nilijua fundo la kile kitenge lilipo, na bibi alikuwa na usingizi mzito. Sikulifungua, kwa sababu nilimwamini. Siku ya tatu mdogo wangu akafa, tukamzika chini ya mti ambao hata jina lake silijui.

Na kweli tulirudi. Nyumba zilikuwa zimechomwa, maghala matupu. Bibi akapanda. Mvua haikututupa, na alipovuna aligawa mbegu nyumba kwa nyumba, kiganja kwa kiganja. Jirani yule alikuwa wa kwanza kupewa, akapokea akilia. Msimu uliofuata mtaa mzima ulikuwa wa kijani, na padri akamsifu bibi kanisani. Alistahili. Wengi walio hai leo wamelishwa na kitenge kile. Lakini yeye mwenyewe hakuonja tena maharagwe hadi anaingia kaburini. Aliyapika, akatupakulia, kisha akatoka kukaa nje.

Nilimkasirikia miaka mingi. Nikamsamehe, nikamkasirikia tena. Mpaka sasa sijui kama alikosea. Najua tu kwamba alikuwa na kitu ambacho siku hizi sikioni kwa mtu yeyote, wala kwangu mwenyewe: alikuwa na hakika ya kurudi.

Jana nilimwambia yule mama kama bibi angemwambia. "Mama, hii ni mbegu. Ukirudia, utapanda nini?"

Aliniangalia bila hasira. "Kurudia wapi, mama? Hii ni mara ya tano nakimbia."

Mtoto mgongoni kwake alikuwa kimya. Niliujua ukimya ule. Niliingia ndani, nikaleta sufuria na chumvi, tukakaa chini sote wawili, tukaanza kuosha majivu.