Ndege Isiyojua Vita

Tangu biashara iachiwe huru, mie ni dalali wa magari hapa Kiwalani, na sijui kushindwa. Juzi fundi mmoja mstaafu kaniletea kazi ya kumtafutia mteja wa ndege ndogo ya upelelezi ya Vita Kuu ya Pili, aliyoifufua mwenyewe mpaka inaruka. Nikaikagua kama gari. Ubavuni ilikuwa na viraka vya matundu ya risasi. Nikaona hapa bei itaanguka, nikavifunika kwa stika za maua.

Mteja akaja, Bi Zuhura, mwenye hoteli Kunduchi.

"Shikamoo mama. Hii ilikuwa ya sista mmoja wa misheni, akiendea kanisani tu. Vita haijaviona hata kwa mbali, wallahi."

Akafunga mkoba. "Basi tena, mwanangu. Mie nataka iliyopigana vita, niiweke mbele ya hoteli watalii waishangae."

Fundi akanikazia macho. Nikapiga magoti vumbini, nikaanza kubandua maua kwa kucha.

"Mama, usiondoke. Njoo uhesabu matundu."

Akainama, akayatazama, akanitazama.

"Mwongo mkubwa wewe," akasema, huku akifungua mkoba.