Mchinjaji Aliyempa Pongo Mgongo

Miaka ile ya wakimbizi tulikula vya njano asubuhi na vya njano jioni. Unga ulikuwa wa njano, mbaazi za njano. Mimi nilikuwa napeleka ndizi kambini na kurudi na mbaazi za msaada, kwa hiyo nyumbani kwangu Keza kulikuwa na magunia mengi kuliko viti.

Baba wa binti niliyetaka kumwoa alikuwa mtu wa Kirushya, mrefu, koti la kijivu la mtumba mvua na jua. Mara mbili nilimkaribisha, mara mbili alikula mbaazi, mara mbili akaondoka bila jibu. Ile mara ya pili alisimama mlangoni akasema, "Kijana, nikija tena nikute nyama. Nikikuta mbaazi nitajua binti yangu anakwenda kuishi kambini."

Siku aliyopanga kuja tena, asubuhi mapema, nilisikia mbwa wanalia bondeni. Kuni za vilima vyote zilikuwa zimekwisha, pongo, wale swala wa vichakani, wakakosa pa kujificha, wakahamia kwenye maharage yetu. Mmoja alikuwa ameingia shamba la mama jirani. Mbwa walikuwa wa Mrundi aliyeishi ng'ambo ya shamba, naye alimwahi pongo kwa mkuki. Mimi nilifika baada ya mkuki. Hiyo ni hasara, maana kwetu nyama ya porini hugawanywa kwa haki: mwenye mbwa na mkuki ana haki yake, mwenye shamba ana haki yake, mpita njia ana macho yake.

"Mna kisu?" niliwauliza Mrundi na yule mama.

Hawakuwa nacho.

"Kamba ya kumtundikia? Turubai la kuwekea nyama?"

Hivyo pia hawakuwa navyo. Nilikimbia nyumbani nikaleta vyote vitatu, na kabla sijavishusha tukawa tumekubaliana: paja moja langu, la pili la mama pamoja na ini, kilichobaki cha mwenye mbwa. Nilihesabu mapaja. Mawili. Nilihesabu tena, kwa sababu Mrundi alikuwa anatabasamu.

Ikaja shida ya nani apasue. Mimi nilikuwa sijapasua kitu kikubwa kuliko kuku. Mwenye mbwa alisema kazi yake inaishia kwenye mbwa. Mama akamwita mchinjaji wa mbuzi wa pale senta, akaja mbio na visu vyake, akaona pembe, akafunika uso kwa mikono na kugeuka.

"Mbona hamkusema ni nani? Nilidhani mbuzi kavunjika mguu!"

Pongo ni mwiko wa ukoo wake. Hamgusi, hamli, hamtazami, hata jina halitamki; humwita "mkubwa" tu. Alisema anaondoka. Hakuondoka. Mchinjaji hawezi kusikia kisu kikipapasa ngozi ovyo akaenda zake. Alikaa juu ya kichuguu, mgongo kwetu, akaanza kuelekeza.

"Mfungeni mkubwa miguu ya nyuma, mpandisheni mtini, kichwa chini. Tayari? Sasa kata kuzunguka njia ya nyuma, ufunge na kamba, mambo yake yasimwagike."

"Nimefunga."

"Tia vidole viwili chini ya kisu, shuka navyo tumboni taratibu. Ukitoboa tumbo utajua mwenyewe."

Nilishuka. Tumbo kubwa likajitokeza lenyewe kama gunia linalotaka kuteremka kwenye baiskeli.

"Umeona ini? Nyongo iko upande wa kulia. Usiiguse."

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kwa mkubwa!"

"Mkubwa ananing'inia kichwa chini, mzee. Kulia kwake ni wapi?"

"Ningekuonyesha, lakini sitazami!"

"Basi geuka, fumba macho, uonyeshe kwa kidole."

Aligeuka, akafumba macho, akanyoosha kidole. Kilimwelekea Mrundi. Mrundi akasogea pembeni. Wakati tunabishana kidole kile kilimaanisha nini, mkono wangu uliteleza, na nyongo ikanipasukia viganjani hadi kwenye viwiko.

"Nimesikia," alisema mchinjaji kwa huzuni, akageuka tena. "Nyama imeguswa?"

"Mikono tu."

"Bahati yako. Hayo mapaja ya nani?"

"Moja la mama, moja langu. La baba mkwe, anakuja leo kutoka Kirushya."

Sauti ilitoka kichuguuni:

"Yule mrefu wa koti la kijivu?"

"Huyohuyo."

"Yule ni baba yangu mdogo. Ukoo mmoja."

Niliangalia paja. Mwaka mzima nilikuwa nimepeleleza habari za binti yule, hadi aina ya chumvi anayopenda, na sikuwa nimeuliza mwiko wa baba yake.

"Hata chakula cha chungu kilichopikiwa mkubwa hatakila," mchinjaji aliendelea, bila kuombwa.

Nikafikiri nimpe mchinjaji paja, anipe mguu wa mbuzi. Paja hawezi kulipokea. Kwa hiyo nilimpa mama, mama akanipa jogoo, jogoo nikampa mchinjaji. Akampima kwa mkono, akasema jogoo mwembamba, akataka niongeze turubai langu. Kisha alikataa turubai lenye damu ya mkubwa, nikampa gunia la mbaazi, naye akanipa mguu wa mbuzi. Kwa hiyo mbaazi ziliondoka nyumbani kwa mlango mwingine.

Nilinawa kwa majivu, kwa sabuni, kwa malimao. Mbuzi alipoiva, baba mkwe aliingia, na nyuma yake mchinjaji, eti kumsalimia baba mdogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alinishika mkono, akausimamisha hewani, akaunusa. "Huyu mkubwa ametoka wapi?"

Mchinjaji akasema, "Mimi nilikuwepo, baba, lakini nilitazama upande mwingine."

"Upande gani?"

"Wa Burundi."

Mzee alifikiri. Kisha alikaa, akala mbuzi mpaka mifupa ikang'aa, huku mimi nimewekewa changu kwenye jani la mgomba karibu na mlango, nikila peke yangu kama mgonjwa wa ukoma. Alipomaliza alijifuta mdomo.

"Nyama nimeikuta. Binti nitakupa. Lakini siwezi kumweka kwenye mikono hiyo. Nitakuja kuinusa."

Alikuja kila Jumapili baada ya misa. Akinusa, anatikisa kichwa, anakula, anaondoka. Nilianza kushuku harufu iliisha zamani na kilichobaki ni mbuzi. Ila mtu utamwambiaje mkwe kwamba pua yake ina njaa?

Siku ya ndoa, mbele ya kanisa, kabla hajanipa mkono wa binti yake, alinusa kiganja cha kulia, akanusa cha kushoto, kisha akarudia cha kulia. Nikajua nimeoa kwa watu wanaohesabu mara mbili kama mimi.