Hodi ya Tatu

Siku hiyo nilikuwa nimeketi juu ya mbuzi, nakuna nazi ya mchuzi wa mchana, na mlango ulikuwa wazi kama milango yote ya kijiji chetu. Tuko ndani kidogo ukitoka barabara ya Lunga Lunga, baina ya Ukunda na Msambweni. Jirani yangu Mwanahamisi alisimama kizingitini.

"Hodi wenyewe."

"Karibu. Hodi ya nini na mlango u wazi?"

"Mlango kuwa wazi si ruhusa, mwalimu. Niazime chujio, langu limetoboka na tui la mahamri linaningoja." Akanitazama ninavyokuna. "Kumbe na waliosomea akili za watu wanakuna nazi?"

"Nazi haiulizi cheti."

Mama yangu mzazi, ambaye macho yalikuwa yameshamwacha, alicheka huko mkekani alikokuwa amejinyoosha. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka nikitaka kukumbuka jinsi tulivyokuwa.

Kwetu hodi ni tatu. Ukiitikiwa, unaingia. Ukimaliza ya tatu na hujaitikiwa, unarudi ulikotoka, bila kinyongo. Watoto hufunzwa hivyo kabla hawajajua kuandika majina yao. Mwanahamisi alimfunza mwanawe Hamadi, tena akamfunza sana. Nilipokuwa nikimsomesha darasa la sita, Hamadi alikuwa akija mlango wa chumba cha walimu, anapiga hodi tatu za chini, na kelele zetu zikiimeza sauti yake, anaondoka. Zaidi ya mara moja nilimkuta amerudi darasani na daftari lisilosahihishwa. "Nilipiga hodi, mwalimu," alisema, wala hakulalamika.

Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu aliondoka. Mwanahamisi akasema amepata kazi Mtwapa. Sote tulijua kuwa amevuka kwenda Somalia kupigana, yeye na wenzake, na sote tukauliza habari za Mtwapa.

Kisha ikatangazwa kuwa wanaorudi wakajisalimisha watasamehewa. Baadhi walirudi. Waliorudi wakaanza kuuawa. Wazee wa nyumba kumi, wale walioisaidia serikali kujua nani yuko na nani hayuko, nao wakaanza kuuawa. Nani alimuua nani, sikujua wakati huo, na leo sijui.

Mzee wetu wa nyumba kumi alikuwa Nassoro, mtu wa mzaha, fundi wa viatu. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Mimi nilikuwa naanika nguo, nyumba tatu kutoka kwake.

Pikipiki ilisimama.

Mtu akapiga hodi.

"Karibu," aliitika mzee Nassoro, kwa uchangamfu wake uleule.

Risasi zilikuwa mbili.

Tangu siku hiyo kijiji kilijifunga. Tulipika ndani, moshi ukitutoa machozi, madirisha yamefungwa, joto la Februari limetukalia kichwani. Mwanahamisi aliacha kuuza mahamri. Hodi ikipigwa, watu walinyamaza na kuzuia pumzi mpaka mwenye kuipiga aondoke. Mama hakuweza kulielewa hilo. "Nani amekufa, mbona hapaingii mtu?" aliniuliza kila siku. Nilikuwa natoka kwenda shule na kurudi, lakini hata njiani nilijiona niko ndani.

Inspekta mmoja, mtu wa bara, alinifuata shuleni kwa sababu nilikuwa nashughulikia ushauri nasaha, na aliambiwa kuwa watu wananisikiliza. Aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfika kifuani.

"Madam, hawa watu wako wananishinda. Mtu hana kitu anaficha atafunga mlango saa nane mchana?"

"Wanafunga kwa sababu mnakuja watano wenye bunduki."

"Tunakuja watano, juu tukija wawili tunazikwa." Akaivua kofia akaipakata. "Niko na watoto wadogo Kitale. Nataka kurudi kwao na miguu yangu."

Somo lote la hofu limo katika maneno hayo machache, na si gumu, twende nalo polepole. Mtu mwenye hofu anayajua makusudi yake, kwa hiyo anapojikinga anaona anajikinga tu. Makusudi ya mwenzake hayajui, kwa hiyo mwenzake akijikinga anaona ni hila. Inspekta alitazama milango iliyofungwa akaona kijiji kinachoficha wauaji. Sisi tulitazama bunduki garini tukaona wauaji wamekuja. Akaongeza bunduki, tukaongeza makomeo, na kila upande ukapata ushahidi wa ulichokuwa unaogopa. Miaka mingi baadaye nimekuwa nikialikwa katika kumbi za hoteli kule Diani kuwaeleza jambo hili maofisa na watu wa balozi za nchi za nje. Wananiambia kuwa mataifa nayo hufanyiana hivyo, kwa majeshi na mipaka. Nawaamini. Nawaambia pia kuwa kuogopa si ujinga, na kwamba mtu anaweza kujifunza kuisoma hofu ya mwenzake. Nayasema hayo kwa moyo wote, ingawa mimi mwenyewe nilishindwa mtihani huo nikiwa nimeusomea.

Mwanahamisi alinijia stoo ya shule, akafunga mlango.

"Hamadi yuko Ramisi, kwa jamaa. Anataka kujisalimisha. Amesema hamwamini mtu ila wewe."

Nilimpa karatasi yenye maswali ampelekee: jina, kwa nini ulikwenda, kwa nini umerudi, kazi gani unaiweza. Nilitaka inspekta akutane na maneno ya kijana kabla ya kukutana na sura yake. Nikapatana na inspekta kuwa angekuja nyumbani kwangu Ijumaa baada ya swala, kwa miguu, pamoja na imamu wetu. Alisita sana kuhusu hiyo miguu, mwisho akakubali. Hamadi angekuwa kwangu, angetoka mbele ya mashahidi. Mwanahamisi aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

Alhamisi, saa tisa mchana, nilikuwa nimeketi sakafuni na mama. Mlango umekomewa.

"Hodi."

Sauti ya mwanamume, ya chini.

Mama alikuwa ameshafungua kinywa aitike, kama alivyoitika maisha yake yote. Nikamziba kwa kiganja.

"Hodi."

Nikafikiri kama nilivyofunzwa kufikiri. Hamadi anakuja kesho. Mwenye shida ya kweli angetaja jina lake. Angegonga, angelia. Huyu ametulia mno, na waliomuua mzee Nassoro walikuwa wametulia.

Pumzi ya mama ilikuwa moto mkononi mwangu.

"Hodi."

Kisha kimya.

Mama akauondoa mkono wangu, bila hasira. "Amevaa ndara," alisema. "Anakwenda polepole. Wala sikusikia pikipiki."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mtoto wa mlango wa walimu na daftari lake.

Komeo lilinishinda mara mbili. Barazani, chini ya kata ya maji, palikuwa na ile karatasi, imekunjwa mara nne.

Nilikimbia mpaka barabarani na kanga moja begani. Kituo cha bodaboda kilikuwa kitupu isipokuwa kijana mmoja, anaitazama njia ya Msambweni.

"Gari nyeupe, mwalimu. Walishuka wawili wakamshika mikono. Hakupiga kelele."

"Watu gani?"

"Mimi sikuona kitu," alisema, akawasha pikipiki yake.

Nilimpigia simu inspekta. "Si watu wangu, madam. Tulisema Friday." Ijumaa alikuja, kwa miguu, pamoja na imamu, akaketi barazani kwangu saa nzima kama tulivyopatana. Niliutazama uso wake nikitafuta uongo. Niliona mtu aliyechoka anayenitazama naye akitafuta kitu hichohicho. Baada ya miezi michache alihamishwa.

Baadaye nilijua kuwa mtu alikuwa amemtambua Hamadi kule Ramisi siku ileile ya Alhamisi, naye Hamadi hakuweza kungoja kesho. Kuhusu jina, nina hakika hakulitaja ili majirani wasilisikie, mimi nisije nikapata taabu. Alikuwa ananikinga. Mimi nikaisoma kinga yake kuwa hila. Sijui mfano mwingine wa somo langu ulio wazi kuliko huo, na sijawahi kuutoa pale Diani.

Mwanahamisi alijua kuwa mwanawe amechukuliwa barabarani. Hakujua kuwa alikuwa ametoka mlangoni kwangu. Nilikaa na jambo hilo karibu mwaka mzima. Alikuja, aliketi, alinishukuru kwa juhudi zangu, na kila shukrani ilinibana kuliko vile vyumba vyenye moshi. "Mwambie," mama alisema kila Mwanahamisi alipoondoka. "Mwambie kabla sijafa, nisiende na siri ya watu."

Nilimwambia asubuhi moja, nikiwa nimeketi juu ya mbuzi, mikono imejaa machicha. Nilimwambia yote, pamoja na kiganja.

Mwanahamisi aliketi sakafuni karibu nami. Kisha akauliza, "Alipiga hodi ngapi?"

"Tatu."

"Kwa sauti?"

"Ya chini."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa barua.

"Nilimfunza mimi," alisema. "Sikumfunza ya nne."

Hatujamsomea Hamadi hitima, kwa kuwa hakuna aliyekuja kutuambia kuwa amekufa. Mama alishatangulia. Karatasi ninayo. Kwenye swali la kwa nini umerudi ameandika mstari mmoja tu, kuwa alimkumbuka mama yake. Kwenye kazi ameandika: kukata miwa, au yoyote.

Nimejiuliza kama ningefungua, tungesalimika sote watatu ndani ya nyumba ile, au tungekufa sote. Sipati jibu, na nimeacha kulitafuta kama deni. Ninachokijua ni kwamba kwa muda wa hodi tatu palikuwa na mlango mmoja uliomfaa mtu yule katika pwani yote hii, na nyuma yake nilikuwa mimi.

Siku hizi mlango wangu uko wazi. Mwanahamisi bado huja kuazima chujio. Mimi huitika kwenye hodi ya kwanza, kwa nguvu, ili asikie. Yeye husimama pale kizingitini, akazimaliza zote tatu, ndipo aingie.